Moshi katika Majlisi

Twaulizwa mara kwa mara: Je, sigara ni haramu au ni makuruhu? Na muulizaji aghlabu huwa nayo mkononi. Tumbaku iliingia nchi za Waislamu karibu na mwaka 1000 wa Hijra, na wanavyuoni wakakhitalifiana tangu siku hizo. Sheikh Abdulghani Annabulsi wa Dameski, aliyefariki mwaka 1143 wa Hijra, aliandika kitabu kizima kuihalalisha. Lakini yeye alifariki zaidi ya miaka 200 kabla ya uchunguzi wa 1950 uliofungamanisha sigara na saratani ya mapafu. Anayemtegemea leo amtegemea katika jambo asilopata kulijua.

Leo swali letu ni jingine: yule aliyeketi kando ya mvutaji ana kosa gani? Shirika la Afya Duniani lasema tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na katika hao zaidi ya milioni moja hawakuvuta, walivutishwa tu: mke, mtoto, mtumishi wa mkahawa. Khitilafu ya haramu na makuruhu yahusu nafsi ya mvutaji. Katika kumdhuru mwenzio hapana khitilafu. Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu thaumu asiukaribie msikiti, na thaumu ni chakula halali, tena ni dawa! Basi moshi je?

Kwa hivyo twastaajabu kuwasikia watu wakisema kuwa Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ni amri ya serikali tu, haina uhusiano na dini. Sheria hiyo yakataza kuvuta mikahawani, maofisini na ndani ya magari ya abiria, na adhabu yake yaweza kufika shilingi 50,000 au kifungo cha miezi 6. Nyumbani lakini askari hapigi hodi, na mtoto mchanga hana wa kumtetea ila babake, naye ndiye avutaye. Na katika harusi na khitima zetu visahani vya majivu hupangwa majlisi kana kwamba ni sunna, na baadhi yetu wenye vilemba hawasemi neno, kwa kuwa nao huvuta.

Anayetaka kuacha asibezwe. Mwezi wa Ramadhani hukaa zaidi ya saa 13 bila sigara, basi uwezo anao. Ila adhana ya magharibi ikilia huikimbilia kabla ya kuswali. Siku za mwanzo ndizo nzito, kwa hasira na usingizi kukatika, kisha hupungua kwa muda wa wiki chache. Hamu ikimjia haidumu ila dakika kidogo: anywe maji, ainuke, atawadhe. Zipo pia plasta na chingamu za nikotini, nazo humsaidia mtu kufaulu, amwulize daktari. Kuna waliotuuliza kama plasta hiyo yafuturisha. Katika madhehebu yetu ya Shafi haifuturishi, kwani kipenyacho kwa vinyweleo vya ngozi, kama mafuta ya kujipaka, hakibatilishi saumu. Chingamu ndiyo ingojee magharibi.