Mali Bila Daftari

Wanangu, nimechoka, ila sijakasirika. Kila baada ya miaka michache anatokea kijana mwenye sauti tamu, anasaini karatasi ambayo hakuisoma, anapata gari, anapata jina, halafu siku moja anakuja redioni na kwikwi kutueleza kwamba nyimbo alizotutumbuiza nazo kumbe si zake. Nyinyi mnashangaa. Sisi wazee tunamimina kahawa nyingine tukimngoja anayefuata. Simlaumu kijana. Mwenye njaa haulizi jikoni nani kapika, na kalamu ikiletwa pamoja na bahasha huwa nyepesi mno mkononi.

Mnanicheka kwa kuwa mpaka leo namsikiliza Prince, yule bwana mfupi wa Minneapolis mwenye viatu vya visigino na makoti ya zambarau. Chekeni tu. Sauti yake nilianza kuipenda enzi za kaseti, lakini kilichonifanya nimfuate hadi uzeeni si sauti peke yake. Ni ule ukaidi wake wa kutaka chake kiwe chake, na bei aliyoulipia. Kaeni niwahadithie, kwa sababu ndani yake mna habari zenu.

Alizaliwa mwaka 1958, mtoto wa mpiga piano wa jazi. Mwaka 1977, hajatimiza hata miaka ishirini, akasaini na kampuni ya Warner Bros. Wakubwa walitaka kumpa mtayarishaji mzoefu wa kumshika mkono. Akakataa. Albamu yake ya kwanza, For You, ilipotoka mwaka 1978, jalada lilimtaja yeye kuwa mtunzi, yeye mpangaji, yeye mtayarishaji, yeye mwimbaji, na yeye mpigaji wa ala 27. Wengine waliita majivuno. Inawezekana, lakini mwenye majivuno ambaye kazi anaiweza tumwite nani?

Sasa nianze na sisi washabiki, maana nasi tuna yetu. Oktoba 1981 Prince alipanda jukwaani Los Angeles kulitangulia kundi la Rolling Stones, na umati ukamrushia chupa na vyakula mpaka akashuka. Haikupita hata miaka mitatu, Purple Rain ikatoka, filamu na albamu yake. Albamu ikakaa kileleni Marekani wiki 24 mfululizo, na muziki wa filamu ukampa tuzo ya Oscar. Yule aliyerushiwa chupa sasa anagombewa tiketi. Basi watu wakakaa mkao wa kula wakisubiri Purple Rain ya pili, naye mwaka 1985 akawaletea Around the World in a Day, albamu isiyofanana na ile hata kidogo. Kelele! Shabiki ndivyo alivyo: humsifu msanii kwa kuthubutu, kisha humlaumu anapothubutu tena. Nimeliona hilo kwa bendi za dansi, nikaliona kwenye taarabu, na sasa naliona kwa vijana wenu. Mzoea tamu hataki kuonja kingine. Tusameheane, lakini tusijidanganye kwamba kumpenda mtu ni kumfungia chumbani na wimbo mmoja.

Turudi kwenye karatasi. Mwaka 1992 magazeti yalitangaza kwamba Prince kaingia mkataba mpya na Warner, unaokisiwa kufika dola milioni 100. Watu wakahesabu fedha hizo kana kwamba zimekwisha kuingia mfukoni. Hapa ndipo vijana wengi hupotea, kwa hiyo nitasema polepole. Mama ntilie akikopeshwa mchele, nyama na sufuria, kila sahani ya pilau anayouza atakata kidogo amlipe aliyemkopesha. Hakuna ubaya, biashara ndiyo hiyo. Lakini mkataba ukisema kwamba hata deni likiisha sufuria na pilau vitabaki mali ya mkopeshaji, na mama yule haruhusiwi kupika kwingine, wala kuuza sahani nyingi kuliko anavyopangiwa, huyo mama ana kibanda gani? Advansi, yaani fedha unayotangulizwa, si zawadi. Hukatwa kwenye fungu lako. Na masta, yaani rekodi yenyewe mama, humilikiwa na yule aliyetajwa kwenye mkataba, hata kama koo lililoimba ni lako.

Prince alitunga kuliko walivyoweza kuuza. Alitaka albamu baada ya albamu. Kampuni ilitaka asubiri, moja iishe ndipo nyingine iingie dukani. Wala kampuni haikuwa na wazimu: bidhaa ikijaa sokoni, bei hushuka, na hilo hata muuza nyanya analijua. Tatizo ni kwamba mwenye kuamua hakuwa yeye.

Akafanya kituko. Juni 1993, siku alipotimiza miaka 35, akalitupa jina lake na kujiita kwa alama isiyotamkika. Warner ikabidi itume diski kwa magazeti ili yaweze kuichapa hiyo alama. Watangazaji, kwa kukosa la kusema, wakamwita “msanii aliyekuwa akijulikana kama Prince.” Kisha akaanza kuonekana hadharani ameandika shavuni neno la Kiingereza lenye maana ya mtumwa. Dunia ikacheka: tajiri huyu, mtumwa wa nani? Kwetu pwani neno hilo hatulichezei, na kwa Mmarekani mweusi pia si neno la mzaha. Nilidhani amelibeba kwa pupa, na bado nadhani hivyo. Hata hivyo hoja yake ilisimama: kama rekodi zako si zako, na jina unalouzia kazi limo mkatabani, una nini? Ila kamba iliyomfunga ilikuwa na saini yake mwenyewe. Ndiyo sababu hakuikata kwa upanga. Aliifungua fundo moja moja.

Mwaka 1994 aliruhusiwa kutoa wimbo mmoja nje ya Warner, The Most Beautiful Girl in the World, nao ukashika namba moja Uingereza. Mwaka 1996, alipoachana nao, akatoa Emancipation: CD tatu, kila moja dakika 60 kamili. Mtu aliyekuwa akiambiwa apunguze akapakua sinia zima. Na gharama aliilipa. Kazi zake nyingi za miaka ile hazikupata wasikilizaji wa zamani, na waliokuwa wakimwita bingwa wakamwita kichaa. Jina lake alilirudia mwaka 2000.

Halafu akawa mchuuzi, na hapo ndipo niliponogewa. Mwaka 2004 kila aliyenunua tiketi ya onyesho lake alipewa pia albamu ya Musicology. Mwaka 2007 akaifungasha Planet Earth ndani ya gazeti la Mail on Sunday kule Uingereza; wenye maduka ya muziki wakafoka, naye akaenda kupiga maonyesho 21 London. Alikuwa ameshaelewa fedha iko wapi. Mwaka 2014 akapatana na Warner hao hao, na masta za nyimbo zake za zamani zikarudi mikononi mwake. Tangu 1977 hadi 2014 ni miaka 37, wanangu, kurudisha kitu kilichoondoka kwa wino wa dakika moja.

Laiti ningeishia hapo. Aprili 2016 alifariki Paisley Park, nyumbani kwake na studioni kwake, kwa dawa kali ya maumivu iliyomzidia. Alikuwa na miaka 57. Wosia ukatafutwa, haukuonekana. Mganga hajigangi. Mtu aliyepigania karatasi nusu ya umri wake akaondoka bila kuacha ile moja iliyobaki. Mahakama ikatambua warithi sita, ndugu zake, na shauri likachukua miaka sita. Wawili kati yao walifariki kabla halijamalizika. Mali ikathaminiwa dola milioni 156, na karibu nusu ya urithi ikaangukia kwa kampuni iliyonunua mafungu ya baadhi ya ndugu. Rekodi zilizokuwa ghalani zikahamishiwa California. Albamu aliyoirekodi mwaka 2010 akaamua kuiweka kando, Welcome 2 America, wengine wakaitoa mwaka 2021. Ni albamu nzuri, nami naisikiliza kwa furaha na aibu kidogo, maana hakuna aliyemuuliza.

Basi chukueni haya, na msiseme mzee anapenda hadithi tu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Tanzania tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki tangu mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Nendeni mkasajili kazi zenu kabla hazijavuma, si baada ya ugomvi. Mkiletewa mkataba ombeni siku chache, mtafuteni mwanasheria asiyelipwa na meneja wenu, kisha ulizeni manne: masta ni za nani, kwa miaka mingapi, jina langu la kisanii ni la nani, na advansi hii inakatwa wapi. Atakayekasirishwa na maswali hayo amekwisha kuwajibu. Na mkishapata, hata kama ni kidogo, andikeni wosia.

Najua wengi hamtafanya. Bahasha itakuja, kalamu itakuja, na njaa ndiyo hiyo. Mimi nitawasamehe na kahawa nitawamiminia. Lakini karani wa mahakama atakayelifungua faili lenu hana habari na sauti zenu, wala hajui wimbo wenu hata mmoja. Yeye atauliza karatasi.