Nani Atawaambia?

Kila muhula huwapa wanafunzi wangu wa jioni kisa kimoja nilichokitunga mwenyewe. Kuna chama cha ushirika cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Kina kituo cha kukusanyia maziwa, tangi la kupoozea, meneja mmoja na wafanyakazi kumi na wanane. Ndani ya miezi minne maziwa yanayoletwa yamepungua kwa theluthi nzima. Tangi linanguruma likiwa nusu tupu, na bili ya umeme iko palepale. Meneja afanye nini? Kurasa nne, wiki mbili.

Zamani, na kwa zamani nina maana ya kabla ya Novemba 2022 ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma, karatasi zilirudi kama bidhaa za mnadani: nyingine zimepangwa, nyingine zimemwagwa tu chini. Siku hizi zinarudi zimevaa sare. Kiingereza kimenyooka, vichwa vidogo vimekolezwa wino, nguvu na udhaifu wa chama vimepangwa kwenye jedwali la vyumba vinne, na mwishoni yanakuja mapendekezo: kuboresha mawasiliano, kutoa mafunzo kwa wafanyakazi, kutafuta masoko mapya, kuweka mfumo wa kidijitali, kufuatilia na kutathmini. Hakuna hata moja lililo kosa. Lakini usome karatasi mpaka mwisho, hutajua kama mwandishi wake amewahi kumwona ng'ombe.

Muhula uliopita ilikuja karatasi moja ya ukurasa na nusu. Mwenyewe ni mama wa makamo, msimamizi wa ghala, anayefika darasani akiwa bado na sare ya kazini. Kiingereza chake kilipinda hapa na pale. Hakuwa na jedwali. Aliuliza: maziwa yaliyopungua ni ya asubuhi au ya jioni? Na hiyo miezi minne ni ipi? Kwa sababu, aliandika, chama hulipa mwisho wa mwezi, na mchuuzi wa pikipiki hulipa taslimu getini. Kama Januari imo katika hiyo minne, kuna sare za shule na madaftari. Mfugaji hajakikimbia chama, amekimbilia pesa ya leo. Mimi niliyekitunga kisa hicho, na kukifundisha kwa miaka kadhaa, sikuwa nimewahi kuamua miezi ile ilikuwa ipi.

Sasa, nisije nikaeleweka kuwa naitupa mashine. Nina haki zake za kuzitaja, tena nizitaje mapema, maana wenzangu wengi huanza na lawama. Mtoto wa shule ya serikali hapa Tanzania husoma msingi kwa Kiswahili. Akiingia sekondari anakuta hesabu, jiografia na biashara zimehamia Kiingereza. Wapo wanaovuka. Wapo wanaojifunza kunyamaza, na ukimya huo wanautembeza mpaka chuo kikuu, mpaka shahada ya uzamili, mpaka kwenye darasa la uongozi ambako alama za kuchangia mjadala huchukuliwa na aliyeongea. Kwa miaka mingi tumekuwa tukipima Kiingereza, kisha tunaandika kwenye cheti kwamba tumepima usimamizi. Akili unde (wengine wanaiita akili mnemba, na ugomvi huo nawaachia wenye kamusi) imelianika jambo hilo juani. Mwanafunzi anaiuliza saa sita usiku, kwa Kiswahili cha mtaani kwao, imweleze mtiririko wa fedha kwa mfano wa genge la nyanya. Nayo inaeleza. Asipoelewa inarudia mara ya nne, kwa subira ambayo mimi nakiri hunitoka mara ya pili.

Kuna na mazoezi. Nina darasa la watu mia na ishirini; siwezi kukaa na kila mmoja tukapatana bei. Mashine inaweza kujifanya msambazaji mkaidi, mteja aliyekasirika, au afisa mikopo asiyeziamini hesabu zako, na ukichemka hakuna wa kukucheka. Kijana mmoja mpole, ndiyo kwanza amepandishwa cheo, alifanya nayo mazoezi mara sita ya kumwonya mfanyakazi anayechelewa kazini, kisha akaenda kumwonya mfanyakazi mwenyewe. Aliporudi nilimuuliza tofauti ilikuwa nini. Akasema yule wa kweli alilia.

Nikajaribu kuitumia kutunga visa vipya. Kufundisha kwa visa si mtindo wetu wa asili. Harvard Business School, iliyoanzishwa mwaka 1908, ndiyo iliyoukuza tangu miaka ya 1920, na vyuo vya biashara kote duniani vikafuata. Visa vyao hununuliwa, na vingi vinahusu kampuni ambazo mwanafunzi wa Mbeya hajawahi kuona hata lango lake. Kwa hiyo nilikuwa na tamaa halali: kisa cha duka la vitenge Kariakoo, bure, ndani ya dakika moja. Nilikipata. Lilikuwa duka la Marekani lililofungwa kanga. Mwenye duka ana mpango mkakati, ana mtu wa masoko, anaogopa mshindani wa mtandaoni. Mali kauli haikutajwa hata mara moja.

Na bila mali kauli hakuna Kariakoo. Mwenye stoo anakupa robota zima la vitenge ilhali huna hata shilingi; hakuna karatasi, mnaagana kwa neno, unakwenda kuuza, unarudi na chake. Amejuaje kwamba utarudi? Anamfahamu shemeji yako. Alikuona ulivyosimamia msiba wa baba yako. Alisikia jinsi ulivyoachana na mwenye fremu ya kwanza, na nani kati yenu aliongea vibaya baadaye. Benki ingekiita kitu hiki tathmini ya hatari ya mkopo na kukiajiria idara. Pale sokoni kinakaa kichwani mwa mzee mmoja aliyeketi juu ya kigoda, na akifa kinazikwa naye, au kinabaki kwa mwanawe aliyekuwa akikaa karibu na kusikiliza. Mashine hula kilichoandikwa. Hiki hakijaandikwa.

Wala si jambo la Kariakoo peke yake. Henry Mintzberg, mwanazuoni wa Kanada, aliwafuata wakurugenzi watendaji watano kazini na kuchapisha mwaka 1973 aliyoyaona. Siku zao zilikuwa vipande vipande, zikikatizwa kila mara, na habari walizozithamini ziliwafikia kwa mdomo kuliko kwa ripoti. Yaani hata katika nchi zinazoandika kila kitu, usimamizi hukaa zaidi kwenye maneno ya korido. Jirani zetu wana mfano mzuri zaidi. Majaribio ya M-Pesa yaliyoanza Kenya mwaka 2005 yalilenga wakopaji wadogo walipe marejesho kwa simu. Waliopewa huduma wakaanza kuitumia kutumiana pesa wenyewe kwa wenyewe. Waliokuwa wakiendesha majaribio waliliona hilo, wakalifuata, na Machi 2007 huduma ilizinduliwa ikiwa ya kutuma pesa. Ilibidi mtu aende akatazame watu wanaitumiaje simu.

Lakini hoja ya "mashine haijui hiki" ina hatari yake, nami nimeshaponzwa nayo. Januari 2023 Christian Terwiesch, profesa wa Wharton kule Pennsylvania, aliipa ChatGPT mtihani wa mwisho wa somo lake la usimamizi wa uendeshaji kwa wanafunzi wa MBA. Akasema angeipa alama kati ya B na B-. Ilieleza vizuri sana, ikateleza kwenye hesabu ambazo mtoto wa darasa la sita angezipata. Walimu wengi tulizishikilia zile hesabu, tukapumua. Pumzi haikudumu, matoleo yaliyofuata yakaja na hesabu bora. Tangu hapo najizuia kujenga nyumba juu ya makosa ya mashine. Ni kiwanja kinachomegwa na mto kila masika. Pengine siku moja mali kauli nayo itaandikwa vya kutosha, mashine itaijua, nami nitakuwa nimebaki na makala hii mkononi.

Kinachoninyima usingizi ni jaribio jingine, nalo lilifanyika Kenya vilevile. Watafiti waliwachukua wafanyabiashara wadogo 640. Baadhi walipewa mwongozo wa kawaida wa biashara, wengine wakapewa mshauri wa akili unde kwenye WhatsApp, aliyeendeshwa na GPT-4, wamuulize watakalo. Baada ya miezi mitano, ukiwajumlisha wote, mshauri hakuwa ameleta tofauti. Lakini ndani ya sifuri hiyo kulikuwa na makundi mawili yaliyokwenda pande mbili. Waliokuwa wakifanya vizuri tangu mwanzo walipanda kwa zaidi ya asilimia 15. Waliokuwa wakisuasua walishuka kwa karibu asilimia 8. Mshauri alikuwa mmoja.

Mimi ninavyolisoma jaribio hilo, mshauri wa namna hii hukosa jambo moja dogo: hajui kunyamaza. Ukimuuliza atakupa mapendekezo kumi, yote yana sura nzuri, yote yameandikwa kwa sauti ileile ya mtu mwenye uhakika. Punguza bei. Tangaza zaidi. Ongeza aina za bidhaa. Mwenye jicho huchukua mawili na kuyaacha manane. Asiye na jicho hupunguza bei, na kwa genge lenye faida ya shilingi hamsini kwa fungu, huo ndio mwisho wa genge. Wanaotabiri kwamba akili unde itavifuta vyuo vya biashara wangelitazama tokeo hili kwanza: msaada ulipofika kwa wote, kilichowatenganisha ni uwezo wa kuchagua. Ila na sisi tulio vyuoni tusishangilie mapema. Jicho hilo tulilifundisha lini? Kwa mhadhara upi?

Nadhani lilifundishwa kwa ajali, katika kazi ambazo hakuna aliyezipenda. Fundi cherehani hampi mwanagenzi kitambaa cha suti siku ya kwanza. Anampa vifungo, anampa pindo, anampa nguo ya mteja mgomvi aifumue. Kwa kufumua mshono wa mtu mwingine kijana anaanza kuona palipokosewa. Meneja kijana naye alikuwa na vifungo vyake: kuandika muhtasari wa kikao, kulinganisha nukuu tatu za bei, kuhangaika na jedwali la bajeti linalokataa kulingana mpaka saa mbili usiku. Hizo ndizo kazi tunazoipa mashine kwanza, kwa sababu zinachosha. Mwajiri anafurahi, kijana anafurahi zaidi. Miaka kumi baadaye tutamkabidhi kitambaa cha suti mtu ambaye hajawahi kufumua.

Katika ahadi za mwana-TANU ilikuwamo ile inayoanza na maneno kwamba cheo ni dhamana. Kizazi changu tuliirudia mpaka ikapoteza ladha, lakini neno dhamana ukilipeleka mahakamani linarudi na makali yake. Mdhamini ni yule anayetafutwa mshtakiwa asipotokea. Anaweka kitu chake, shamba au nyumba au jina, na kitu hicho kinaweza kwenda. Mashine inaweza kushauri kuhusu watu mia moja kwa usiku mmoja, na asubuhi haina shamba la kuchukuliwa. Haitakutana na mke wa dereva aliyefukuzwa, sokoni, Jumapili. Hili, tofauti na hesabu, sioni toleo lijalo litalirekebisha.

Kwa hiyo nimebadili mtihani. Karatasi bado wanaleta, na siulizi aliyeiandika ni nani. Nimechoka kuwa polisi, na programu zinazodai kuwakamata wanaoandikiwa na mashine zimeshanisababisha nimtuhumu kijana mmoja kwa insha aliyoiandika kwa jasho lake. Siku hizi kila mmoja anakuja ofisini kwangu kwa dakika kumi, tunazungumza kwa lugha aitakayo, na karatasi yake inakuwa mezani kati yetu. Ni kazi kubwa. Watu mia na ishirini kwa dakika kumi ni saa ishirini, na hakuna anayenilipa saa hizo.

Jumanne iliyopita aliingia kijana mwenye karatasi nzuri kuliko zote. Pendekezo lake la tatu lilisema chama kipunguze wafanyakazi sita ili gharama zilingane na maziwa yanayoingia. Hesabu zilikuwa sawa, nilizipiga mwenyewe.

"Nani atawaambia hao sita?" nikamuuliza.

"Idara ya rasilimali watu, mwalimu."

"Chama kina watu kumi na wanane. Hiyo idara iko wapi?"

Akaitazama karatasi yake kama mtu aliyepewa barua yenye jina lake kwa mwandiko asioujua. Nje mvua ilikuwa imeanza, na nilimwacha akae nayo. Mwishowe akauliza kama anaruhusiwa kubadilisha. Nikamwambia karatasi ni yake.

"Basi dereva simpunguzi," akasema. "Yeye ndiye anayezijua nyumba za wafugaji. Hata ndiye angetuambia maziwa yanakwenda wapi." Akakata jina la kwanza. Akabaki ameshika kalamu juu ya la pili, mlinzi wa usiku, ambaye katika kisa changu nilimpa mstari mmoja tu, na akaanza kuandika kitu pembeni kwa herufi ndogondogo. Dakika kumi zikaisha. Aliyefuata akabisha hodi, nami nikamwambia asubiri.