Siri na Sitara

Nyumba ya mawe ya Lamu haifunguki moja kwa moja. Ukitoka njiani unapanda daka lenye baraza za mawe huku na huku, ndipo uufikie mlango. Na mlango ukifunguliwa bado huoni kitu, maana njia ya kuingilia imepindwa makusudi ili jicho la mpita njia ligonge ukuta, lisifike kiwandani, ule ua wa ndani ambamo wenyewe hupika, hufua na kupumzika. UNESCO iliutia mji huu katika urithi wa dunia mwaka 2001 kwa ajili ya majengo yake. Walioyajenga walikuwa na fikira moja kubwa: binadamu anastahili sitara.

Mimi nimelelewa katika nyumba kama hiyo, na ndani yake tulimficha mdogo wangu miaka sita.

Hatukumfungia. Tulimficha kwa maneno. Wageni wakiuliza, yuko Mombasa anatafuta kazi, kumbe yuko juu, amejikunja mkekani, arosto ya unga imemshika, jasho na kamasi zinamtoka, mifupa inamuuma kama aliyetwangwa. Mama alifunga funguo zote katika pindo la leso yake. Vijiko vilipungua, tukasema watoto wanavipoteza. Redio ya marehemu babu iliondoka, tukasema iko kwa fundi. Kila mmoja wetu alijua, na hakuna aliyemwambia mwenziwe kwamba anajua. Hayo yote tuliyaita kumsitiri.

Nimelifikiri sana neno hilo, kwa sababu naamini tulilidhulumu, na si nyumba yetu pekee. Siri inamtaka asiyejua. Sitara inamtaka anayejua, kwani huwezi kumfunika mtu ambaye hukumwona yu uchi. Mwenye siri hukesha peke yake akiilinda, na siku atakayolala itatoka. Aliyesitiriwa hulala, wengine ndio wanaokesha. Najua tunasema pia “kujisitiri”, lakini hata nguo ya kujisitiria imefumwa na mkono wa mwingine.

Unga, yaani heroini, hufundisha siri kuliko kitu chochote nikijuacho. Mteja wake hujifunza mahali pa kuficha kete, kicheko cha kumtoa mama wasiwasi, shati la mikono mirefu mwezi wa Februari jua likiwaka. Bahari yetu haikosi kuuleta: Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini ndani ya jahazi moja tu nje ya pwani ya Kenya. Miaka ikipita, siri haiwi tena kitu anachokifanya mtu, imekuwa ndiyo mtu mwenyewe. Ukimuuliza jambo dogo, amekula au hajala, atadanganya kwanza, hata pasipo faida.

Hapa ndipo ninapoielewa ile miezi mingi ya nyumba za kupona ambayo watu huilalamikia. Mwili hauhitaji miezi. Arosto ya heroini huwa kali zaidi siku ya pili na ya tatu, na baada ya wiki moja au siku kumi huwa imelegea. Lau ugonjwa ungekuwa wa mwili peke yake, siku kumi zingetosha. Lakini anayerudishwa mtaani baada ya siku hizo yumo hatarini kuliko alivyokuwa, kwani mwili umeusahau unga, na kipimo chake cha zamani sasa chaweza kumuua. Siri ya miaka sita haitoki kwa jasho la wiki moja.

Sisi wa visiwani, kwa miaka mingi tulizifuata nyumba za kupona ng'ambo ya maji. Malindi kulikuwa na Omari Project, iliyoanza katika miaka ya 1990. Unguja kuna soba hausi, ambazo waliopona wenyewe huziongoza. Wa kwetu naye alipelekwa mbali. Nilimtembelea mwezi wake wa tatu, nikaruhusiwa kukaa mlangoni wakati wa kikao cha asubuhi. Kila mmoja alitaja jina lake, akasema mimi ni mraibu, kisha akasema alilonalo. Zamu ya mdogo wangu ilipofika aliisema redio. Alitaja bei aliyoiuza na rangi ya mfuko alioibebea. Alisema babu yetu alikuwa akiisikilizia taarifa ya habari, na kwamba siku ile aliikuta bado ina betri mpya.

Nilitamani ardhi inimeze. Wanaume kama ishirini wamesikia! Hakuna aliyeguna. Aliyekaa kando yake alimgusa goti, kikao kikaendelea. Kilipokwisha aliambiwa zamu ya sufuria ni yake. Nikamfuata nyuma ya nyumba, nikamwona ameinama juu ya sufuria la wali, anasugua ukoko kwa kumbi la nazi na jivu, mishipa ya mkono imejaa makovu, mkono wa shati umekunjwa hadi juu ya kiwiko. Alilinyanyua sufuria akalitazama juani, akaona doa, akarudi kusugua. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilipomwona akifanya kitu bila kutazama nyuma yake.

Kuna hoja nzito dhidi ya vikao hivyo, na wazee wetu wameisema: dhambi ambayo Mungu ameifunika usiku, kwa nini mja aifunue asubuhi? Naiheshimu hoja hiyo. Lakini mdogo wangu hakuyasema njiani. Aliyasema kiwandani, kwa watu wenye uchi kama wake, waliofungwa na ahadi kwamba la hapa halitoki. Njia imepindwa pale pia. Na nyumba isiyoipinda njia yake ni hatari tupu. Synanon, iliyoanzishwa California mwaka 1958 na ambayo nyumba nyingi za namna hii duniani zilichota kwake, iliwakalisha watu katika duara wavuane nguo kwa matusi saa nzima nzima. Ilifika pabaya: mwaka 1978 wafuasi wake walimtilia nyoka wa sumu katika sanduku la barua wakili aliyewashitaki. Kumvua mtu ni kazi rahisi, hata adui huiweza.

Wala sitaki kuisifu sitara kana kwamba haina historia. Zamani mwanamke wa kiungwana wa Lamu alitembea ndani ya shiraa, kitambaa kipana kilichoinuliwa kwa vijiti, na walioishika shiraa hiyo walikuwa watumwa. Wao walikwenda wazi. Kila ninapomkumbuka mama na zile funguo pindoni, nafikiri shiraa haikwisha. Heshima ya nyumba yetu iliinuliwa miaka sita na mikono yake na ya dada zangu, ambao waliosha matapishi usiku na kucheka na wageni mchana, na hakuna aliyewauliza wao wamejifunika nini.

Wapo wanaopona bila kuhama, kwa methadoni, ambayo Kenya ilianza kuitoa mwishoni mwa 2014. Anayewaambia hao kwamba hawajapona amekosea. Dawa humpa mtu utulivu wa kusema kweli, na bado atahitaji wa kumwambia.

Mdogo wangu alirudi baada ya miezi kumi na moja. Mama hakuzifungua funguo. Zilikaa pindoni mwaka mzima, zikilia kila mama anapopita, mdogo wangu akizisikia, na hakuna aliyejifanya ni kitu kingine. Jioni moja mama alimwambia, “Mwanangu, bado sijaweza.” Akajibu, “Najua, mama. Usiharakishe.” Yalikuwa maneno ya kwanza ya kweli kupita baina yao baada ya muda mrefu.

Ijumaa yake ya kwanza tulitoka msikitini pamoja. Kwenye daka la jirani walikuwa wamekaa wazee wanne. Hakuna nyumba Lamu isiyojua wa jirani alikuwa wapi. Mzee wa mwisho alisogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja juu ya jiwe, akamwita kwa jina lake, si lile la maskani.

“Keti, baba. Changu leo bei gani huko sokoni?”

Mdogo wangu akaketi. Akasema amepita hapo asubuhi, changu ghali, afadhali tasi.