Nani Aijuaye Bei ya Kesho?

Mwaka 2008 hisa za Safaricom ziliuzwa kwa shilingi 5 za Kenya. Wengi walizinunua kwa mikopo ya riba, wakitaraji kuuza upesi kwa faida. Mwaka 2009 bei ilishuka chini ya 3, deni halikushuka. Aliyenunua kwa akiba yake na kusubiri aliiona ikivuka 40 mwaka 2021.

Kumiliki hisa ya biashara halali si kosa. Hatari ni kuvizia bei kwa karo aliyotuma mama. Surat Luqman, aya ya 34, inatukumbusha kwamba hakuna nafsi ijuayo itachuma nini kesho. Tusiiwekee rehani amana ya wazazi. Wallahu a'lam.