Ulipoondoka, Zizi Ulimwachia Nani?

Wiki hii nataka tuketi na swali moja ambalo limenisumbua tangu nirudi safari. Je, mtu anaweza kuwa na sehemu katika hasara ambayo hakuna aliyekosea kuileta? Usikimbie kujibu. Kwanza nikupeleke mahali nilipokutana na swali lenyewe.

Mwaka jana mwezi wa Septemba nilimtembelea binti yangu wa kwanza, ambaye anafanya kazi katika makao ya kutunzia wazee mjini Zaragoza, Uhispania. Siku yake ya mapumziko akaniuliza, "Baba, unataka kuona maduka ama unataka kuona kondoo?" Ananijua. Mimi ni mtoto wa mfugaji wa Makueni, na maduka niliyaona ya kutosha siku ya kwanza. Tukapanda gari dogo la rafiki yake, tukaenda saa mbili na kitu mpaka mkoa wa Soria, kwenye milima inayoitwa Tierras Altas, yaani Nyanda za Juu.

Huko kuna kimya ambacho sijawahi kukisikia. Nasema kukisikia kwa sababu kinasikika. Mkoa mzima wa Soria una ukubwa wa kilomita za mraba kama 10,300, na watu wake ni kama 90,000 tu. Makueni yetu ni ndogo kuliko hapo, na bado hesabu ya watu ya 2019 ilitukuta tukikaribia milioni moja. Tulisimama katika kijiji cha nyumba za mawe na paa za vigae, na kanisa kubwa kuliko watu waliobaki. Nikatembea nikihesabu milango. Ilikuwa thelathini na mmoja. Iliyokuwa wazi ilikuwa minne.

Nje ya kijiji tukamkuta mchungaji, wa kondoo, si wa kanisa. Mzee wa miaka sabini na kitu, fimbo mkononi, mbwa wawili wakubwa kama ndama, na kondoo kama mia sita, wengi wakiwa na mabaka meusi kuzunguka macho. Alikuwa na kijana wa kumsaidia, kutoka Moroko. Binti yangu akawa mkalimani. Nilipomwambia mzee kwamba baba yangu pia ni mfugaji, alinitazama mikono kwanza, halafu akacheka. Mikono yangu ni ya mtu wa ofisi. Lakini alitukaribisha tuketi, na kijana akaleta chakula chao cha malishoni, mkate mkavu uliovunjwavunjwa na kukaangwa kwa vitunguu saumu na mafuta. Tulikula tukiwa kwenye mawe, na upepo unavuma.

Sasa, ili uelewe alichoniambia, lazima ujue historia kidogo. Wafugaji wa milima ile walikuwa watu wakubwa zamani. Mwaka 1273 mfalme Alfonso wa Kumi aliwapa wafugaji wa Castilla haki zao chini ya chama kilichoitwa Mesta, na chama hicho kilidumu mpaka 1836. Sufi ya kondoo wao aina ya merino ilitafutwa Ulaya nzima. Kwa sababu milima inajaa theluji, kila mwaka mwezi wa kumi kondoo walishushwa kusini, mpaka nyanda za Extremadura na Andalucía, na kurudishwa mwezi wa tano ama wa sita majani yakiota. Zilitengwa njia za mifugo zenye upana wa mita 75 hivi. Moja ya njia hizo, inayotoka Soria mpaka Sevilla, ina urefu wa kilomita kama 800. Wanaume na wavulana walikwenda na kondoo kwa miguu. Wanawake, wazee na watoto wadogo walibaki na theluji. Katika kijiji cha Oncala kuna jumba dogo la makumbusho ya wachungaji, na ukiona kengele za kondoo, mavazi ya ngozi, na kola za mbwa zenye misumari ya kuzuia meno ya mbwa mwitu, unaelewa kwamba maisha hayo hayakuwa mchezo.

Kwa hivyo watu wa pale wamekuwa wakiondoka kwao kwa mamia ya miaka. Kuondoka ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Lakini kila aliyeondoka alijua mambo mawili: nani amebaki, na yeye atarudi lini.

Halafu ikaja miaka ya 1950 mpaka 1970. Viwanda vikafunguliwa Barcelona, Zaragoza, Madrid na Bilbao. Vijana wakaenda, na mara hii hawakurudi mwezi wa tano. Watoto wakipungua, shule inafungwa. Shule ikifungwa, mama mwenye mtoto anahama. Mama akihama, duka halina mteja, basi halina abiria, daktari hana sababu ya kupanda mlima. Serikali ikanunua mashamba ya vijiji kadhaa na kupanda misonobari. Kijiji cha Sarnago, si mbali na hapo tulipoketi, kilibaki bila mkaaji hata mmoja miaka ya 1970 ikielekea kuisha.

Nikamuuliza yule mzee, "Kosa lilikuwa la nani?" Nilidhani atailaumu serikali, ama watoto wake. Akanyamaza, akamtupia mbwa kipande cha mkate. Halafu akasema, na binti yangu akanitafsiria taratibu, "Hakuna aliyekosea. Ndiyo maana hakuna aliyezuia."

Wapendwa, nimehubiri miaka kumi na minane na sijawahi kutamka sentensi nzito namna hiyo.

Fikiria vizuri. Baba aliyemwambia mwanawe nenda mjini usome, alikosea? Hapana. Msichana aliyekataa kuchota maji ya barafu kama mamake, alikosea? Hapana. Mwalimu mkuu anayefunga shule yenye watoto watatu? Naye ana hoja. Kila uamuzi ukiupima peke yake, ni mzuri. Ukiziweka zote pamoja, umepata milango ishirini na saba iliyofungwa na mzee mmoja ambaye siku akianguka malishoni, wa kwanza kujua watakuwa mbwa. Sisi tumezoea kutafuta dhambi ndipo tutubu. Tukikosa mwenye dhambi, tunasema basi hakuna tatizo, twende nyumbani. Lakini kijiji kinaweza kufa bila mtu yeyote kukiua.

Najua mtu atasema, "Pasta, usitufunge. Mtu si mti, hakupandwa mahali alipozaliwa." Ni kweli, na hata yule mzee hakubishana na hilo. Ana mtoto wa kiume anayeendesha lori mjini, ana mke na watoto, ana furaha, na mzee alimtaja kwa fahari. Hataki arudi kuchunga kwa lazima. Mwingine atasema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Pia ni kweli kwa sehemu. Tarehe 31 Machi 2019 watu kwa maelfu walitoka mikoa kama Soria na Teruel wakaandamana Madrid, wakidai hospitali, barabara, treni na intaneti kama raia wengine. Walikuwa na haki. Lakini serikali inaweza kuleta daktari na barabara. Haiwezi kuwa mtoto wa mtu.

Kuna jibu la tatu, na hili ndilo linalonitia wasiwasi zaidi kwa sababu linafanana na ibada. Ni kuheshimu kitu badala ya kukitunza. Uhispania ina sheria ya mwaka 1995 inayolinda zile njia za mifugo. Na tangu 1994, kila mwaka majira haya ya vuli, kondoo wanapitishwa katikati ya jiji la Madrid, kati ya mabenki na mahoteli, na wachungaji wanatoa sarafu za zamani kama ada ya njia, kufuatana na mapatano ya mwaka 1418. Binti yangu amewahi kuona. Anasema watu wanapiga makofi, watoto wanabebwa mabegani, simu zote ziko juu. Ni jambo zuri, silipingi. Lakini nikajiuliza, kati ya hao wote wanaopiga makofi, nani ana mtoto anayetaka kushika ile fimbo? Njia imehifadhiwa, na wapitaji ndio wanaokosekana.

Kabla hatujawacheka, tujiangalie. Mzee aliniambia mwezi wa nane kijiji kinajaa. Wajukuu wanakuja, milango inafunguliwa, kuna muziki na nyama. Septemba ikianza, kimya. Si hiyo ndiyo Desemba yetu? Tunajenga nyumba ya vigae ushago, tunaweka geti, halafu miezi kumi na mmoja inalala kufuli. Tukiulizwa kuhusu nyumbani, tunaonyesha picha ya nyumba.

Wakati wa kuondoka nilimuuliza yule kijana wa Moroko kama kwao pia wana mifugo. Akasema ndiyo, babake ana kondoo milimani. Anawachunga nani? Akainua mabega. "Baba." Umri gani? "Sitini na nane."

Tulirudi kwenye gari bila kuongea. Tukiwa tumefika barabara kubwa, binti yangu akasema, "Baba, mimi kila asubuhi nawaosha wazee kumi na mmoja. Nawajua majina, nawajua dawa zao. Watoto wao wananishukuru sana." Akanyamaza kidogo. "Na babu anaoshwa na nani?"

Babu huyo ni baba yangu mimi. Ana miaka themanini na moja, ana mbuzi thelathini na nane, na anakaa na kijana wa kuajiriwa ambaye hubadilika kila miezi michache. Mimi na ndugu zangu tulikuwa tumekubaliana kwenye simu kwamba mwaka ukiisha tuuze mbuzi, tumlete mjini. Tulipanga vizuri, kwa upendo, kila mtu na mchango wake. Hakuna aliyekuwa amekosea. Na hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hapo ndipo nikamkumbuka Daudi. Sisi hukimbilia jiwe na paji la uso la Goliathi, lakini soma tena Samweli wa Kwanza sura ya 17 taratibu. Babake alimtuma awapelekee ndugu zake chakula vitani. Daudi akaamka mapema, na kabla hajaondoka, akawakabidhi kondoo kwa mlinzi. Ni maneno machache, rahisi kuyaruka. Baadaye kaka yake Eliabu akamkemea mbele ya watu, akitaka kujua wale kondoo wachache wameachwa kwa nani huko nyikani. Eliabu aliuliza kwa dharau na wivu, lakini swali lenyewe lilikuwa halali, na Daudi alikuwa amelijibu alfajiri. Hakukatazwa kuondoka. Mungu alikuwa na kazi naye mbali na zizi. Lakini hakuliacha zizi likiwa wazi.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Hatia na wajibu si kitu kimoja. Unaweza kukosa hatia kabisa na bado ukawa na wajibu. Hukukosea kwenda Nairobi, Doha ama Zaragoza. Lakini kulikuwa na zizi, na zizi haliulizi kama ulikuwa na sababu nzuri. Linauliza ulimwachia nani. Kama jibu ni "wengine wapo", kumbuka kwamba wale wengine nao wanasema hivyo hivyo kukuhusu wewe.

Niliporudi, nilipanda basi Jumatatu nikaenda nyumbani peke yangu, bila ajenda ya familia. Nilimuuliza mzee anataka nini. Alichukua muda mrefu kujibu, nafikiri kwa sababu alikuwa hajaulizwa kitambo. Akasema hataki kuja mjini kuketi kwenye kochi. Anataka mbuzi wabaki kumi na tano anaoweza kuwatambua mmoja mmoja, zizi lisogezwe karibu na nyumba, na kijana alipwe vizuri ili asihame. Halafu akasema, "Na nyinyi mje wakati hakuna msiba."

Zizi tumelisogeza. Kijana bado yupo, miezi saba sasa. Sisi watoto watano tumegawana wiki, na nakiri kuna wiki mbili zimeshapita bila mtu kwenda. Binti yangu hupiga simu Jumapili jioni, na babu humsomea majina ya mbuzi. Hatujamaliza. Wajibu wa namna hii hauna siku ya kumaliza.

Wiki hii, kabla ya ushirika wa nyumbani, fikiria mahali palipokulea. Usiulize kama ulikosea kuondoka. Uliza nani amebaki na zizi, mara ya mwisho umemsikia lini, na kama ulimuuliza anachotaka au ulimpangia tu.

Mungu akubariki.