Nani wa Kuipima Sauti?

Saa saba mchana katika Bustani ya Jeevanjee, Nairobi, mhubiri hushika kipaza sauti akasimulia jinsi Mungu alivyomsemesha usiku. Wafanyakazi wa ofisi waliokuja kupunga upepo humwitikia amina, kisha hurudi kazini. Hakuna anayemshuku. Maneno hayohayo yakitamkwa Westlands, katika chumba cha daktari wa akili, huenda yakaandikwa kwenye faili kuwa dalili ya skizofrenia. Wapo wanaoona hapa ugomvi wa wazi kati ya imani na tiba, kana kwamba ni lazima mhubiri au daktari awe amekosea. Mimi siuoni. Kuipima skizofrenia kwa hatua, kukifanywa kwa uangalifu, hakuulizi sauti imetoka wapi. Kunauliza imemfanya nini aliyeisikia, na kwa muda gani. Na hilo ni swali ambalo dini zetu zimeliuliza tangu zamani.

Mfumo wenyewe ulielezwa mwaka 2006 na Patrick McGorry wa Australia na wenzake, walioiga namna madaktari wa saratani wanavyoupanga ugonjwa. Hatua ya 0 ni ya mtu aliye katika hatari, pengine kwa sababu ya ukoo wake, lakini hana dalili. Ya 1 ina dalili hafifu: usingizi unaopotea, wasiwasi, hisia kwamba watu wanamteta. Ya 2 ni pale ugonjwa unapolipuka mara ya kwanza, ya 3 ni kupona nusu au kurudiwa, na ya 4 ni ugonjwa mkali usiolegea. Kinachomvusha mtu kutoka hatua moja hadi nyingine si ajabu ya ujumbe anaoupokea. Kijana wa Kawangware akisema malaika amemwita, hilo peke yake halimweki popote. Lakini akipitisha usiku kadhaa macho makavu, akaacha chuo, akasukuma kando sahani ya mamake kwa madai kwamba ugali umetiwa sumu, na asiweze tena hata kidogo kufikiri kwamba huenda amekosea, hapo amevuka. Na wa kwanza kuliona hilo si daktari. Ni mamake, na jirani wa ukuta wa mabati.

Ndiyo maana hatua haziwezi kusomwa na mgeni peke yake. Nairobi ina ushahidi mchungu wa jambo hili. J. C. Carothers, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari kuanzia 1938 hadi 1950, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na ndani yake akamlinganisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyekatwa sehemu ya ubongo. Hakukosa wagonjwa wa kuwatazama. Alikosa wa kumweleza watu wa kwao huishi vipi wakiwa wazima. Mwaka 2015, Tanya Luhrmann na wenzake walichapisha mahojiano na wagonjwa 60 wa California, Accra na Chennai. Wamarekani walisimulia zaidi sauti za matusi na ukatili, ilhali wengi wa Accra walisema humsikia Mungu, na kwamba sauti hiyo huwafaa. Wote walikuwa wagonjwa. Maudhui ya sauti, basi, hubeba rangi ya mahali, na anayepima kwa maudhui tu atapima utamaduni akidhani amepima ugonjwa.

Muumini atapinga: kwa kipimo hiki, si nabii Ezekieli naye angelazwa? Alilalia ubavu mmoja siku 390. Pingamizi hili lina uzito, lakini tusome na kingine kilichoandikwa juu yake: wazee wa Israeli walikuwa wakienda nyumbani kwake, wakiketi mbele yake kutaka shauri. Alisikilizwa na kujibizana na watu wake. Maandiko yanayoagiza roho zijaribiwe, na manabii watambuliwe kwa matunda, hayakumwachia mwenye sauti awe shahidi wa pekee wa nafsi yake. Pasta anayepeleka kijana kwenye mkesha wa tatu wa kukemea pepo bila kuuliza kama analala wala kula hajapambanua kitu. Amefanya pupa tu, na pupa hiyo ina gharama, kwa sababu kadiri ugonjwa unavyokaa bila tiba ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu.

Pingamizi la pili linatoka upande mwingine, nami naliona zito zaidi: kumwambia kijana kwamba yuko hatua ya 1 ni kumbandika jina ambalo huenda lisiwe lake kamwe. Ni kweli. Tafiti zinaonyesha kuwa wengi wa wenye dalili hafifu hawafiki hatua ya 2, na zile za David Ndetei, Daniel Mamah na wenzao zimeonyesha kuwa vijana wengi wa Kenya hukiri mambo kama haya bila kuugua. Kwa hiyo hatua ya 1 isilete sindano. Ilete mazungumzo, usingizi, kuachana na bangi, na mtu wa kumrudia baada ya mwezi.

Hatua ya 4 ndiyo inayonitia hofu, maana hapo watu huacha kungoja mgonjwa apone. Mafundisho yanayosomeshwa misikitini, Jamia ukiwa mmoja wao, husema kalamu ya hesabu imeinuliwa kwa mwendawazimu mpaka akili imrudie, na mafakihi wakatofautisha wazimu wa kudumu na ule unaokuja na kuondoka. Katika ile “mpaka” mlango umeachwa wazi. Ibara ya 83 ya Katiba ya 2010 haina mlango kama huo: aliyetangazwa kuwa hana akili timamu hasajiliwi kupiga kura, basi. Sheria ya Afya ya Akili iliyorekebishwa mwaka 2022 inampa mgonjwa haki ya kushiriki kupanga matibabu yake, na haki hiyo haina maana ikiwa faili linasomwa kama hukumu. Aliyekuwa hatua ya 3 mwezi Machi anaweza kufika Julai akipanda matatu ya 46 mwenyewe hadi mjini, akabadilisha gari la Thika Road, akafika Mathari kuchukua dawa zake na kumwuliza daktari kwa nini zinamtetemesha mikono. Anastahili kujibiwa.