Nimpe Nani Maiki?

Kwa miaka 6 sasa kazi yangu katika ibada ya pili ni ndogo tu: nashika maiki wakati wa ushuhuda. Tunapewa dakika 15. Wenye neno huja mapema kwenye benchi la mbele, wananinong'onezea watakachosema, nami nachagua watu watatu. Si unajua vile Jumapili huwa? Wanaotaka kusema ni wanane, na saa haimngoji mtu.

Nilidhani ni kazi ya kupanga foleni. Kumbe ni kazi ya kuamua neno la nani litasikika kanisani, na la nani litarudi nyumbani bila kusemwa. Haki hiyo naitumia kwa kipimo gani? Swali hili halikunisumbua mpaka Jumapili moja mwaka jana.

Siku hiyo mama mmoja alikuja kwenye benchi. Alikuwa amemzika mtoto wake wiki tatu kabla. Akaniambia, "Mtumishi, nataka kumshukuru Mungu kwamba bado nasimama. Na pia nataka kusema, zile siku 11 tulikuwa hospitali, hakuna hata mmoja wa kikundi chetu cha maombi aliyekuja kutuona." Kiongozi wa kikundi hicho ni mimi. Nikamjibu kwa sauti ya upole, "Mama, hilo tuliombee kwanza. Tutaona wiki ijayo."

Nyuma yake alikuwa kijana aliyepata kazi baada ya kuhangaika miaka miwili. Uso unang'aa, habari njema. Nikampa maiki. Akashukuru vizuri, kisha akaongeza kwamba aliyekuwa amemfungia njia zake ni shangazi yake. Akamtaja jina, akataja na kijiji. Watu wakapiga makofi. Hata mimi nikapiga.

Jioni chakula hakikushuka. Niliona nimekosa mara mbili kwa siku moja, na makosa yote mawili yalikuwa na mzizi mmoja. Neno ambalo lingeniuma mimi, nililizuia. Neno lililomuumiza mtu ambaye hakuwepo kujitetea, nililiacha lipite, kwa sababu halikunigharimu kitu.

Soma Yeremia 36 umwone mfalme Yehoyakimu. Ni majira ya baridi, ameketi karibu na moto, anasomewa gombo. Kila kurasa tatu au nne zikisomwa, zinakatwa kwa kisu na kutupwa motoni. Hakuuliza kama maneno yale ni ya kweli. Kwake ilitosha kwamba hayakumpendeza. Lakini Baruku aliandika gombo lingine, na maneno mengine mengi yakaongezwa. Neno la kweli ukilichoma, hulimalizi.

Halafu soma 2 Samweli 16. Daudi anamkimbia Absalomu, na njiani Shimei anamlaani na kumrushia mawe. Abishai anataka kwenda kumkata kichwa. Daudi anakataa, anasema mwacheni alaani. Shimei hakuwa na adabu wala nia njema. Lakini angalia kitu kimoja: aliyekuwa akitukanwa ni Daudi, na aliyeamua kuvumilia ni Daudi mwenyewe. Hakuvumilia kwa niaba ya mtu mwingine, vile nilivyofanya mimi kwa shangazi wa yule kijana.

Sasa mtu ataniuliza, kwa hivyo kila mtu aseme kila kitu? Hapana. Hata Paulo katika 1 Wakorintho 14 aliweka mpaka: wawili au watatu, mmoja mmoja, na wengine wapime. Mlango usio na mlinzi huwa wa mwenye nguvu. Mahali kila mtu anasema anavyotaka, mwenye sauti kubwa ndiye anakuwa mhubiri, na yule mama angekaa kimya vilevile.

Kwa hivyo siku hizi najiuliza hivi kabla ya kutoa maiki: neno hili litamuuma nani, na huyo ana nafasi ya kujibu? Kama ni mimi, lipite. Kama ni mtu ambaye hayupo, lisimame kwanza. Lakini kumnyima mtu maiki si kumnyima sikio. Aliyeumizwa kweli na ndugu yake lazima asikilizwe, aketi na mchungaji na wazee, na kama ni jambo la polisi liende polisi. Kosa ni kumwambia "tuombee hilo" kisha ukamsahau.

Kijana nami tulienda kumwona shangazi. Alitukaribisha, akatupikia chai, akatusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Mlinitaja kwa spika. Msamaha mnauleta jikoni?" Hatukuwa na jibu. Jumapili iliyofuata kijana alisimama na maiki ileile, akayafuta maneno yake. Siku hiyo makofi yalikuwa machache.

Kwa yule mama nilienda peke yangu. Nikamwambia ukweli, kwamba sikumzuia kwa sababu ya muda. Akasema, "Nilijua. Sikutaka kukuaibisha, mtumishi. Nilitaka tu mtu ajue." Alipopewa maiki alisema dakika tatu. Alizitaja zile siku 11. Nilikuwa nimesimama kando yake, uso unanichoma, na kanisa lote likajua kiongozi ni nani. Hakuna aliyepiga makofi. Baada ya ibada kina mama wanne walibaki wameketi naye mpaka wahudumu wakamaliza kupanga viti.

Mpendwa, hata wewe unashika maiki mahali fulani. Ni mezani kwako, mtoto anapotaka kusema jambo ambalo baba hapendi. Ni kwenye chama, mwanachama mpya anapouliza kuhusu vitabu vya pesa. Wiki hii, mkono wako ukitaka kuzima sauti ya mtu, ngoja kidogo ujiulize: hapa namlinda nani? Ukipata ni wewe mwenyewe, mwache aseme.